Jioni Moja Mjini London: Namna ya Kuchagua Mchezo na Kununua Tiketi

Kuna fedha zipoteazo kwa ulevi, na kuna zipoteazo kwa kamari. Juu ya hizo mmekwisha kusikia maonyo mengi. Leo tunataka kusema juu ya fedha zipoteazo kwa haraka, tena kwa nia njema, mtu anapotaka kuwafurahisha wale awapendao. Fedha hizo huuma kuliko nyingine, maana aliyezitoa hawezi hata kujilaumu kwamba alitenda uovu. Alikosa kuuliza tu.

Siku hizi jamaa zetu nyingi zina mtoto au ndugu huko Ulaya. Mmoja anasoma Brussels, mwingine anafanya kazi Paris au London. Fedha za nauli huwekwa kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, hata siku moja mzee wa nyumba anaitwa aende kuwatazama wajukuu aliowaona katika picha tu. Akifika, kila mtu anataka kumwonyesha mambo makubwa ya mji. Na katika mji wa London, moja ya mambo hayo ni michezo ya kuigiza. Katika mitaa ya kati peke yake mna nyumba za michezo zipatazo 40, na jioni, saa za huko zikaribiapo moja na nusu, watu hujaa njiani kama watokao sokoni.

Tutawaeleza yaliyotupata sisi wenyewe, kwanza kosa letu, halafu namna tulivyolitengeneza.

Nguzo nzuri sana

Miaka michache iliyopita mama yetu alikuja kutoka Kongo kwa ubatizo wa mjukuu wake. Tulipokelewa na dada yetu mkubwa, ambaye husafisha ofisi usiku mjini London. Sisi tulitoka Brussels kwa treni ipitayo chini ya bahari, katika ile njia iliyofunguliwa mwaka 1994. Siku zilikwenda mbio. Jioni ya mwisho tukasema: Mama hawezi kurudi nyumbani bila kuona mchezo mmoja. Tukafungua simu, tukaandika jina la mchezo uliotajwa sana siku zile, tukabonyeza tovuti ya kwanza iliyotokea, tukalipa.

Tovuti ile haikuwa ya nyumba ya michezo. Ilikuwa ya wachuuzi. Tiketi zilipofika tuliona bei iliyoandikwa juu yake ni paundi 38, nasi tulikuwa tumelipa 61 kwa kila moja. Tulipofika mlangoni tukaambiwa viti vyetu viko juu kabisa. Mama, mwenye miaka 76 na magoti mabaya, akapanda ngazi akipumzika kila baada ya hatua kumi. Kiti chake kilikuwa nyuma ya nguzo. Na mchezo wenyewe ulikuwa wa maneno matupu: watu watatu wameketi katika chumba, wakizungumza Kiingereza kwa muda wa saa mbili. Mama ajua Kiswahili, na lugha ya kwao, na Kifaransa kidogo cha soko.

Alikaa kwa adabu, mikono juu ya mapaja, mpaka mwisho. Tulipotoka tukamwuliza, "Mama, umeonaje?" Akajibu, "Wanangu, nimeona nguzo nzuri sana."

Tulicheka sote njiani. Lakini usiku, watoto walipolala, tuliona haya. Mama huyu alituuzia mihogo ili tusome, na sisi tuliosoma tulishindwa kusoma maandishi ya tiketi moja.

Mwaka jana akapata viza mara ya pili. Kabla ya safari daktari alikuwa amemwambia kwamba macho yake yanazidi kufifia. Hakuna aliyelitamka neno hilo mbele ya watoto, lakini wakubwa wote tulilijua: kama tunataka mama aone kitu, ni safari hii.

Kwanza tazama watu, halafu tazama mchezo

Kosa la wengi ni kuuliza, "Mchezo gani unasifiwa?" Swali la kwanza liwe, "Nani anakwenda?" Mchezo mzuri kwa mwalimu waweza kuwa adhabu kwa mtoto wa miaka 6. Basi tuliketi mezani majuma matatu kabla, tukaandika majina yetu: mama, mzee asiyejua Kiingereza na asiyeweza ngazi nyingi, dada, ambaye usiku yuko kazini, watoto wawili, mmoja wa miaka 7 na mmoja wa miaka 15, na sisi. Kisha tukaipima michezo mmoja mmoja.

Wa kwanza ulikuwa The Mousetrap, mchezo wa Agatha Christie. Ulianza London mwaka 1952, na mwaka 1974 ukahamia ukumbi wa St Martin's. Haujapata kusimama ila wakati wa ugonjwa wa korona, kuanzia mwaka 2020 hata 2021. Watu huuawa katika mchezo huo, na watazamaji hutafuta nani mwuaji; mwishoni huombwa wasiitoboe siri kwa wenzao. Ni mchezo wa kufurahisha, lakini siri yote imo katika maneno. Asiyejua Kiingereza ataona watu wakiingia na kutoka tu. Tukauacha.

Wa pili ulikuwa Les Misérables, uliotoka katika kitabu cha Victor Hugo cha mwaka 1862, na ulioanza kuimbwa London mwaka 1985. Waliosoma Kifaransa shuleni wanamkumbuka Jean Valjean, mfungwa aliyeiba vyombo vya fedha vya askofu. Askari walipomrudisha, askofu alimwongezea na vinara vya mishumaa, ili aanze maisha mapya. Kijana wetu wa miaka 15 aliutaka sana. Lakini ni mrefu, unakaribia saa tatu, una vita na vifo vingi, na mtoto wa miaka 7 angelala au angelia. Tukauweka kwa siku nyingine.

Wa tatu ulikuwa The Lion King, hadithi ya simba mdogo aliyefiwa na baba yake, akakimbia kwao, akarudi kuitunza nchi. Ilikuwa sinema mwaka 1994, ikapandishwa jukwaani New York mwaka 1997, na mwaka 1999 ikafika London katika ukumbi wa Lyceum. Watu huvaa vinyago vya wanyama juu ya vichwa vyao, hata unaona sura ya mnyama na uso wa mtu pamoja. Ngoma na nyimbo ni nyingi. Na majina! Simba anaitwa Simba. Nyani mwenye hekima anaitwa Rafiki. Nguruwe-mwitu anaitwa Pumbaa, naye kweli amepumbaa. Mama yake Simba anaitwa Sarabi, na fisi mmoja anaitwa Shenzi. Wamarekani walichukua majina hayo katika Kiswahili, na nyimbo nyingi ziliimbwa kwa Kizulu, ndugu wa lugha zetu, kwa kazi ya Lebo M, mwanamuziki wa Afrika Kusini.

Tukasema, "Huu ndio mchezo wa mama." Dada akaongeza jambo ambalo sisi tusingelikumbuka. Yeye huanza kazi saa nne za usiku, basi jioni humchokesha. Michezo mingi ya London huchezwa mara nane kwa juma, na siku mbili au tatu huchezwa pia mchana, kama saa nane na nusu. Tukachagua Jumatano mchana. Mama naye haoni vizuri njiani gizani, basi tuliwasaidia wawili kwa uamuzi mmoja.

Dirisha la nani?

Sasa ilibaki kununua, na hapa ndipo tulipoanguka mara ya kwanza. Mjini London tiketi huuzwa mahali pengi, na si wote wauzao walio na haki ile ile.

Mahali pa kwanza ni dirisha la nyumba ya michezo yenyewe, au tovuti yake. Hapo waona viti vyote vilivyobaki na bei zake, na ukiwa na swali, anayekujibu anaujua ukumbi wake.

Mahali pa pili ni kibanda kiitwacho TKTS, katika uwanja wa Leicester Square. Kilifunguliwa mwaka 1980, nacho ni cha chama cha wenye nyumba za michezo za London, chama kilichoanzishwa mwaka 1908. Kibanda hicho huuza tiketi za siku ile ile na za siku chache zinazofuata, na nyingi huuzwa kwa bei iliyopunguzwa. Kinamfaa mtu asiyeshikilia mchezo mmoja, awezaye kusema, "Leo nitaangalia kilichopo." Lakini angalia vizuri. Katika mitaa ile ile mna maduka mengine yenye maandishi makubwa ya nusu bei, nayo si kibanda hicho. Usisimame penye mstari wa kwanza unaouona. Soma jina kwanza.

Mahali pa tatu ni mawakala. Wako walio waaminifu, na wengi wao wamo katika umoja uitwao STAR, ambao alama yake huonyeshwa dukani au kwenye tovuti. Wakala huongeza ada yake, na si dhambi, maana naye anafanya kazi. Ila uijue ada hiyo kabla ya kulipa, si baada. Kwa hiyo uliza daima maneno mawili: bei iliyoandikwa juu ya tiketi ni ngapi, na mimi nitalipa ngapi kwa jumla? Tofauti ikiwa kubwa, rudisha mkoba wako mfukoni.

Mahali pa nne ni mtu asimamaye njiani na tiketi mkononi, akinong'ona kwamba zimebaki mbili tu. Juu ya huyo hatuna maneno mengi. Huwezi kuijua tiketi yake kama ni ya kweli mpaka ufikapo mlangoni, na ukifika mlangoni yeye amekwisha kwenda zake.

Yafaa pia kujua kwamba nyumba nyingi huweka tiketi chache za bei ndogo kwa siku yenyewe. Nyingine huziuza asubuhi dirishani kwa waliowahi, nyingine kwa simu, nyingine kwa kupiga kura. Mwanafunzi aliye peke yake ajaribu njia hiyo. Mtu mwenye mzee na watoto asiitegemee, kwa kuwa viti huweza kutengana, na mchezo upendwao sana hauna nafasi nyingi.

Sisi tulikwenda Lyceum wenyewe, asubuhi moja ya kawaida, tukasimama mbele ya dirisha.

Kiti gani?

Nyumba za zamani za London zimejengwa kama makabati yenye rafu. Chini kuna ukumbi ulio mbele ya jukwaa. Juu yake kuna roshani ya kwanza, juu yake ya pili, na pengine ya tatu. Kadiri unavyopanda, bei hushuka, ngazi huongezeka na mtelemko wa viti huwa mkali, hata mwenye kizunguzungu huogopa kutazama chini. Viti vingine vina nguzo au ukuta mbele yake, navyo huuzwa kwa bei ndogo. Wauzaji waaminifu huandika wazi kwamba huko jukwaa halionekani lote. Sisi mara ya kwanza hatukusoma.

Safari hii tulimwambia yule kijana wa dirishani mambo yote: mama ana magoti mabaya, macho yake ni dhaifu, na tuna mtoto mdogo. Hakuchoka kutusikiliza. Alifungua picha ya ukumbi, akatuambia jambo ambalo hakuna tovuti ya wachuuzi iliyotuambia: mwanzoni mwa mchezo huu wanyama hawatokei jukwaani tu. Hupita katikati ya watu, katika njia za ukumbi wa chini. Aketiye roshani ya juu huliona jukwaa, lakini tembo wapitao chini yake huenda asiwaone. "Mweke mama kando ya njia," alisema.

Viti vya chini vilikuwa ghali kuliko tulivyokusudia. Tukatoka nje tukafanya shauri. Kijana wetu wa miaka 15 akasema, "Mnunulie nyanya kiti cha chini pamoja na mama na mdogo wangu. Mimi na baba tutakaa juu." Ndivyo tulivyofanya. Tiketi tatu za chini, na tatu za roshani ya juu kwa dada na sisi wawili. Hesabu yote ilizidi kidogo tu ile ya mara ya kwanza, na hakuna hata paundi moja iliyokwenda kwa mchuuzi.

Pia tulijifunza kwamba nyumba nyingi zina nafasi za watu wa viti vya magurudumu na wenye udhaifu mwingine, mara nyingi kwa bei nafuu, hata kwa yule amsindikizaye. Nafasi hizo ni chache, nazo hutolewa kwa aulizaye mapema. Asiyeuliza hapewi.

Neno kwa wanafunzi

Msidhani kwamba asiye na fedha hana mlango. Kando ya mto Thames kuna ukumbi wa Globe. Ule wa kale, wa siku za Shakespeare, ulijengwa mwaka 1599, ukaungua mwaka 1613 kwa sababu mzinga uliopigwa katika mchezo uliwasha paa la nyasi. Mtu mmoja suruali yake ilishika moto, ikazimwa kwa pombe. Ukumbi wa sasa ulifunguliwa mwaka 1997, baada ya bidii ya miaka mingi ya Sam Wanamaker, mwigizaji wa Marekani, aliyefariki mwaka 1993 bila kuuona umekwisha. Katikati ni uwanja usio na paa, wenye nafasi ya watu wapatao 700 wasimamao. Kwa miaka zaidi ya 20 tiketi ya kusimama ilikuwa paundi 5 tu, na hata leo ni katika zile za bei ndogo kabisa mjini. Lakini hakuna kukaa chini, wala kufungua mwavuli. Mvua ikinyesha, utanyeshewa pamoja na wafalme wa jukwaani.

Shakespeare si mgeni kwetu. Mwalimu Julius Nyerere alitafsiri Julius Caesar kwa Kiswahili, kitabu kikatoka mwaka 1963, na mwaka 1969 kikatoka Mabepari wa Venisi. Na mwaka 2012, michezo ya Shakespeare ilipochezwa Globe katika lugha 37, mmoja wao ulichezwa kwa Kiswahili na waigizaji wa Kenya. Kijana wetu alisimama katika uwanja ule jioni ya pili. Alirudi na miguu mizito na macho yanayong'aa.

Tembo mwenye miguu ya watu

Siku ya Jumatano tulifika nusu saa kabla. Hilo nalo ni la lazima: mchezo ukianza, achelewaye husimamishwa nje mpaka nafasi ipatikane, na huenda akakosa mwanzo wote. Mizigo mikubwa tuliiacha nyumbani. Mama alipelekwa kitini pake bila kupanda ngazi nyingi.

Taa zikazimika. Sauti moja ya mwanamke ikapaza wimbo kwa Kizulu. Sisi tulikuwa juu, tukiwa tumeinama kumtafuta mama, na hatukuona ila kilemba chake. Tembo akapita kando yake, karibu naye hata angaliweza kumgusa. Tukaona kilemba kinageuka polepole, kikimfuata tembo mpaka jukwaani.

Wakati wa mapumziko tulishuka. Mama alikuwa anakula barafu tamu kwa kijiko kidogo, kama ilivyo desturi ya huko. "Mmeona?" alituuliza. "Tembo yule ana miguu ya watu. Nimewahesabu, ni watu wanne. Na yule mwanamke aliimba neno baba. Nimelisikia." Mjukuu wake akamwambia kwamba Kizulu husema baba kama sisi. Baadaye, Pumbaa na mwenzake walipoimba Hakuna matata, mama alimgeukia mtoto akauliza kwa sauti iliyosikika safu tatu, "Maneno hayo ni yetu. Waliyachukua lini?" Wazungu waliokuwa mbele yake wakacheka pamoja naye, ingawa hawakuelewa alilosema.

Tulipotoka jua lilikuwa bado halijazama. Safari hii hatukumwuliza lolote. Alitembea kimya mpaka kituo cha basi, akiushika mkono wa dada. Kisha akasema, "Leo hapakuwa na nguzo."

Amekwisha kurudi nyumbani. Kwa simu hutuambia kwamba mwanga unazidi kupungua, lakini jioni huwasimulia watoto wa jirani habari za tembo yule, hatua kwa hatua, wala hasahau hata mguu mmoja.

Basi, ndugu msomaji, siku ya kumpeleka mzee wako mjini, usiifungue simu jioni ya mwisho. Keti mezani mapema. Uliza nani anakwenda, anaelewa lugha gani, magoti yake na macho yake yana nguvu gani. Uliza ni dirisha la nani, bei ya kweli ni ngapi, na kiti kinaona nini. Maswali hayo hayauzwi, na yule kijana wa dirishani huyajibu bure.